Kampuni ya Debe Moja

Ukipanda kutoka Rau kuelekea Uru, kabla hujafika kanisani, utaona kibao cha bluu kando ya barabara. Kimeandikwa kwamba hapo ni kituo cha mchana cha wazee wenye maradhi ya kusahau, kilichozinduliwa mwaka 2004, na chini yake kuna majina saba ya waheshimiwa waliokizindua. Nimeyasoma yote saba. Sita sijawahi kuwaona wenyewe. Wa saba nilimwona siku hiyo moja tu, akikata utepe na kula mtori bakuli mbili. Jina la Mektrida halipo. Wakati utepe unakatwa, Mektrida alikuwa nyuma ya jengo akiupika huo mtori, kwa hiyo labda waheshimiwa walidhani ni mpishi wa kukodi.

Basi mimi Theodora, mchuuzi wa mchele wa Mabogini, nitaeleza kituo kilivyoanza. Sikusomea historia, lakini nilikuwepo, na hilo ni zaidi ya wanavyoweza kusema wale saba.

Mektrida alifanya kazi ya kuchambua kahawa katika kiwanda kimoja mjini Moshi kwa miaka ishirini na miwili. Kazi yenyewe ni kukaa mezani, kahawa iliyokobolewa inamwagwa mbele yako, nawe unatenga: nzima huku, nyeusi kule, chenga katikati, mpaka king'ora cha jioni. Halafu tukaambiwa soko huria limekuja na ni neema kwa wote. Mwaka 1994 neema ikamfikia Mektrida kwa barua ya mistari minne iliyomshukuru kwa utumishi wake na kumtakia maisha mema. Wakampa na saa ya ukutani, ili awe anajua ni saa ngapi na hana pa kwenda. Yeye akaomba na debe moja la kahawa mbovu, ile ambayo hata mnunuzi wa mwisho huikataa. Walimshangaa, wakampa.

Ni mwanamke mfupi, mwenye vidole vyepesi na ulimi mzito wa kusema uongo. Ukimwuliza kama gauni lako jipya limekupendeza, anakwambia, nawe unajuta. Hakuolewa. Ukimwuliza sababu, anakuuliza wewe uliyeolewa ulipata nini. Mimi niliachika, kwa hiyo simwulizi.

Alirudi kwenye kihamba cha wazazi wake, katikati ya migomba na mibuni, akamkuta mama yake ameanza safari. Bibi Ndelilio, mwenye miaka karibu themanini, kila asubuhi alikuwa akitoka kumtafuta mama yake mzazi, aliyefariki kabla ya vita ya Hitler. Siku moja waokota kuni walimkuta katikati ya msitu wa Rau, miguu imechanika, anauliza kama soko limeshafunguliwa. Baada ya hapo Mektrida akafanya tulichokuwa tunafanya wote. Alimwita seremala, akaweka komeo nje ya mlango.

Hili la komeo kibao cha bluu hakilisemi, kwa hiyo nalisema mimi. Mlango wa kawaida una komeo ndani, mwizi asiingie. Kwenye kitongoji chetu nyumba tisa zilikuwa na komeo nje pia, mzazi asitoke. Seremala alizijua zote tisa na hakuwahi kuuliza swali. Watu walijenga nyumba za matofali, wakapaka rangi, wakapanda maua mbele ya baraza, na nyuma kukawa na chumba kimoja chenye komeo upande usio wake. Kwa lugha yetu ya adabu, mzee hapotezi akili. Mzee "amechoka." Tulikuwa na wazee waliochoka sana.

Wa kwangu alikuwa Mwalimu Sirili, baba yangu mzazi, aliyefundisha hesabu miaka thelathini na mitatu na kuchapa nusu ya kata hii. Alikuwa ameanza kuniita "mama," kama unavyomwita mwanamke usiyemjua njiani. Mimi alfajiri nilishuka Mabogini kufuata mchele, niuuze mjini, nirudi jioni. Nilimwachia chupa ya chai, ndizi za kuchemsha na komeo. Watoto wa shule waliopita waliniambia kwamba husimama dirishani akiuliza, "Saba mara nane?" Nao humjibu, "Hamsini na sita, mwalimu!" Naye huwaambia wakae chini. Majirani walisikia kila siku. Wakasema mwalimu anapenda watoto.

Kaka yangu Julius alikuwa Dar es Salaam, na kila Desemba alipanda mlimani na gari kama Wachagga wote wenye akili. Mwaka mmoja alimletea mzee televisheni. Mwaka uliofuata akaleta makochi. Baba alimtazama kwa heshima, akamwuliza kama ametumwa na wizara kukagua shule. Julius alicheka sana, akasema mzee ana utani. Alipiga picha, akala nyama choma, tarehe ishirini na saba akarudi Dar. Alikuwa mtoto mwema, kila mtu alisema hivyo, hasa walioona makochi.

Sasa kituo. Hakukuwa na utafiti wala semina. Siku moja mwaka 1995 Mektrida alitaka kukaanga kahawa yake mwenyewe, akamwaga kidogo kwenye ungo ili atoe nyeusi. Alikuwa amemfungulia mama yake apigwe na jua. Bibi Ndelilio, ambaye tangu alfajiri alikuwa akilia kwamba anachelewa kwao, akaja akakaa kwenye kigoda, akavuta ungo. Vidole vikaanza vyenyewe: nzima huku, nyeusi kule, chenga katikati. Alichambua saa mbili nzima bila kulia, na alipomaliza akauliza chakula. Mektrida aliniambia kwamba alikwenda nyuma ya nyumba akalia kilio chote ambacho mama yake alikuwa amekiacha.

Watu wa mlimani wa umri ule wamezaliwa chini ya mbuni. Kichwa kinaweza kusahau mke, mtoto na sala ya Baba Yetu, lakini mkono haujasahau kahawa. Mektrida hakusoma hilo popote. Alirudi ndani, akapima debe lake, akaona linatosha watu kumi.

Mimi ndiye niliyempeleka mzee wa pili. Wiki ile ile, nikiwa nashuka na komeo moyoni, Mektrida aliniita kwenye njia ya maji. "Theodora, niletee Mwalimu."

"Dada Mektrida, Mwalimu ni mzima, amechoka tu."

"Najua. Niletee akapumzikie kwangu."

Hadi mwaka 1997 walikuwa tisa. Walikaa kwenye banda lililokuwa la ng'ombe, limesakafiwa na kupigwa chokaa, kila mmoja na ungo wake. Asubuhi Mektrida aligawa kahawa, saa sita wakala kiburu cha ndizi na maharage, mchana wakaendelea. Saa kumi tulikuja kuwachukua. Tukishaondoka, Mektrida alikusanya nyungo zote tisa, nzima na nyeusi na chenga, akamwaga kila kitu ndani ya debe, akakoroga kwa mwiko. Kesho yake wakaanza upya. Ni debe lile lile kwa miaka yote hiyo. Kahawa ile ilishikwashikwa mpaka ikang'aa kama imepakwa mafuta.

Makomeo ya nje yakaanza kuota kutu, na sisi tukaanza kupata shida ya aina nyingine. Majirani waliuliza mzee anakwenda wapi kila siku. Tungejibu nini? Tungesema akili imemtoka, wangesema ukoo una wazimu, au kwamba mzee aliapa uongo juu ya mpaka wa kihamba na sasa kiapo kinamrudia, na mabinti wa nyumba ile wangezeekea jikoni. Basi mimi nikasema, kwa kinywa changu hiki, kwamba Mwalimu amepata kibarua kwa Mektrida. Kisha nikaona neno kibarua halimfai mwalimu mzima, nikasema ni msimamizi.

Ningejua. Martin, aliyekuwa anagombea uenyekiti wa baraza la walei parokiani, alisikia baba yangu ni msimamizi, naye akatangaza kwamba baba yake, mzee Filemon, dereva wa lori wa zamani, ndiye mkuu wa usafirishaji. Nyumba nyingine ikatoa mkaguzi wa ubora. Nyingine karani mkuu. Bibi Ndelilio mwenyewe watu walimpa umeneja, bila Mektrida kufungua mdomo. Kwa muda wa miezi michache banda la ng'ombe likawa na kampuni ya watu tisa, wote wakubwa, hakuna hata mfagizi. Mektrida aliposikia alitikisa kichwa tu. Tulimwomba asitukanushe. Akasema, "Siri ya mzazi wa mtu si yangu kuitoa."

Mtendaji wa kata wakati huo alikuwa kijana mmoja anayeitwa Elifuraha, suruali imenyooshwa, kalamu tatu mfukoni. Ilikuwa enzi ya wanunuzi binafsi wa kahawa, kila kona mizani, na kazi yake kubwa ilikuwa kuwafukuzia wasio na leseni na wakwepa ushuru. Alisikia habari za kampuni yetu kwenye kilabu cha mbege. Meneja, msimamizi, mkaguzi, usafirishaji, na leseni hakuna! Nadhani hakulala kwa furaha. Jumatatu akaja bandani na mgambo wawili na daftari.

Mimi sikuwepo, lakini maelezo yalisomwa baadaye mbele ya watu wote, kwa hiyo nayajua kama salamu.

"Shikamoo, bibi," alimwambia Bibi Ndelilio. "Hapa mnafanya nini?"

"Marahaba. Kwani huoni? Tunachambua kahawa."

"Kahawa ya nani?"

"Ya baba padri. Anataka iwe tayari kabla ya mvua."

Akaandika. Akamgeukia mzee Filemon, akamwuliza kahawa inapelekwa wapi.

"Inasubiri gari," alisema mzee Filemon. "Lori limekwama Voi. Nimeagiza spea Mombasa."

"Lori ngapi kwa mwezi?"

"Tano. Sita kama barabara ni kavu."

Akaandika lori sita. Mwisho akamfikia baba yangu, ambaye alikuwa amemchapa hesabu darasa la nne. "Shikamoo, mwalimu. Wewe ndiye msimamizi?"

"Marahaba. Nani amekuruhusu kuandika ukiwa umesimama? Kaa chini."

Elifuraha akakaa chini, mgambo nao wakakaa. Maelezo hayasemi hivyo, lakini Mektrida alisema hivyo, na Mektrida hajui kudanganya. Kijana akaandika akiwa ameketi sakafuni kwamba msimamizi amekiri. Haikumpitia akilini hata mara moja kwamba mwalimu wake anaweza kuwa haelewi yuko wapi. Simlaumu sana. Tulikuwa tumeficha vizuri.

Alichukua debe kama kidhibiti, akalifunga nyuma ya baiskeli, akaweka kufuli bandani, na kuitisha mkutano Jumamosi kwenye darasa la shule ya msingi, ambapo Mektrida angejibu shtaka la kuendesha biashara ya kahawa bila leseni. Ikithibitika, banda lingefungwa moja kwa moja.

Jumanne alfajiri nilimwachia baba chai, ndizi na komeo. Lilikuwa gumu kwa kutu, nikaligonga kwa jiwe mpaka likaingia. Jioni nilikuta mikono yake imevimba kwa kuupiga mlango. Hakuwa amemaliza chai. Alikuwa ameketi sakafuni akitenga maharage niliyoyaacha kwenye sufuria, mazima huku, mabovu kule, na nusu alikuwa ameyapoteza chini ya kitanda kwa sababu chumba kilikuwa na giza. Nilimkanda kwa maji ya moto. Alinishukuru, akasema mimi ni mama mwema na watu wa kwangu wana bahati. Nilijichukia usiku ule kuliko nilivyowahi kumchukia mwanamume aliyeniacha.

Mektrida alipita nyumba zote. Hakuomba mengi: mtu mmoja tu asimame Jumamosi aseme mzazi wake anaumwa nini. Mama mmoja alisema binti yake anaposwa Januari. Martin alisema uchaguzi wa parokia ni wiki mbili zijazo, na kwamba anamwombea Mektrida sana. Mimi nilishuka mjini kumpigia Julius simu.

"Usituaibishe, Theodora," alisema. "Watu watasema nini? Mzee anajulikana. Kama ni faini, ntachangia."

Nikarudi nikamwambia Mektrida kwamba nafikiria. Alinitazama, akasema, "Fikiria karibu na mlango wake."

Mficha maradhi kifo humuumbua, tunasema, na tunasema vizuri, mara nyingi kwenye misiba ya wengine. Jumamosi darasa lilijaa. Wazee tisa waliletwa kama mashahidi, wakakaa mbele kwenye madawati ya watoto, wameoga, wamevaa nguo za misa. Walionekana wenye akili kuliko sisi. Debe liliwekwa juu ya meza ya mwalimu. Elifuraha alisoma maelezo yote, lori sita pamoja na Voi, na watu walinong'ona kwa heshima. Nilimsikia mtu nyuma yangu akisema, kumbe wanapeleka mpaka Kenya.

"Mektrida," Elifuraha alisema, "unakubali unafanya biashara ya kahawa?"

Mektrida alisimama. Aligeuka akatutazama mmoja mmoja, Martin, yule mama wa mposo, mimi. Hakutukasirikia, na ingekuwa afadhali angetukasirikia. Alisubiri mtu asimame. Martin akaanza kuchunguza kucha zake.

"Ndiyo," akasema Mektrida.

Mwanamke ambaye hakuwahi kunisifia gauni hata mara moja alisema uongo wake wa kwanza mbele ya kata nzima, kwa ajili yetu.

"Unamwuzia nani?"

Hapo akakwama. Hata kudanganya kunataka mazoezi. "Simjui jina," alisema hatimaye, na watu wakacheka.

Elifuraha akafunua ukurasa mpya ili aandike uamuzi. Nilimtazama baba. Mikono yake iliyovimba ilikuwa juu ya dawati, na vidole vilikuwa vinatenga kitu ambacho hakikuwepo, huku, kule, katikati. Nikajikuta nimesimama.

"Hiyo kahawa haiuzwi," nilisema. "Ni debe moja. Ni hilo hapo tangu mwaka tisini na tano, liangalieni linavyong'aa. Wanalichambua, jioni Mektrida analichanganya, kesho wanalichambua tena. Hakuna kampuni. Hakuna msimamizi. Mimi ndiye niliyesema yupo msimamizi, kwa sababu niliona aibu."

Elifuraha aliuliza aibu ya nini.

Nilikuwa nimejiandaa kusema mzee amechoka. Neno lilikuwa tayari mdomoni, limezoea njia. Nikalimeza.

"Baba yangu hanijui," nilisema. "Ni miaka mitatu sasa hanijui mimi ni nani. Nikienda kazini namfungia kwa nje kama mbuzi."

Elifuraha alimtazama mwalimu wake, akatazama daftari lenye lori sita, na uso wake ukabadilika pole pole. Na baba, aliyesikia mwanamke analia karibu yake, akasimama kwenye dawati lile dogo kama mtu mwenye malezi. Alinishika mkono kwa mikono yake yote miwili.

"Pole sana, mama," alisema. "Huyo mzee wako anaitwa nani? Pengine namfahamu."

"Anaitwa Mwalimu Sirili."

Alifikiri kwa bidii. Nilimwona anatafuta kweli, kwa uaminifu, huku kila mtu akimtazama. Kisha akatikisa kichwa.

"Hapana, simfahamu. Lakini usimfungie." Akamwonyesha Mektrida kwa kidole. "Mlete kwa yule mama. Kazi ipo, na sisi tutamwangalia."

Martin alikuwa wa pili kusimama, na namheshimu kwa hilo, ingawa uchaguzi alishindwa. Yule mama wa mposo akasimama wa tatu. Elifuraha hakuandika uamuzi wowote. Alifunga daftari, akalichukua debe mwenyewe akalibeba mpaka bandani, akafungua kufuli, na hakumtazama mtu njia nzima.

Jumatatu asubuhi nilimpeleka mzee wangu, kama nilivyoagizwa.